Pampu ya petroli, ya stima au ya sola: ulinganisho kwa mkulima wa Kano

Aprili 2022, foleni za magari na boda boda zilijaa kwenye vituo vya mafuta vya Nakuru, Eldoret na Kisumu, na vituo vingine vilikauka kabisa. Kwa mwenye gari hiyo ni adha. Kwa anayemwagilia nyanya kando ya mto Nyando kwa pampu ya petroli, siku nne bila mafuta wakati mmea unatoa maua ni maua kudondoka, na ua lililodondoka halirudi kuwa tunda. Mto una maji, pampu ni nzima, kinachokosekana ni lita mbili.

Hapa tunalinganisha pampu tatu ambazo mkulima wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, anaweza kununua: ya petroli, ya stima na ya sola. Shamba tulilolichukua ni ekari moja ya mboga. Hesabu zote ziko wazi ili uondoe tarakimu zetu na kuweka zako.

Kwa nini mafuta ya dunia yaingie kwenye hesabu ya pampu

Wengi hulinganisha pampu kwa bei ya dukani. Wanaokumbuka mafuta huweka bei ya lita ya mwezi huo, kana kwamba itakaa hapo kwa miaka mitano. Haitakaa, na sababu haiko kwenye kituo cha mafuta.

Dunia inatumia takriban mapipa milioni 100 ya mafuta kila siku, pipa moja likiwa lita 159. Kila kisima hupungua kadiri kinavyotolewa, kwa hiyo hata kubaki palepale kunahitaji visima vipya kila mwaka. Mwaka 1956 mwanajiolojia M. King Hubbert alitabiri kwamba uzalishaji wa Marekani ungefika kilele kati ya 1965 na 1970. Ulifika kilele 1970, kisha ukashuka kwa karibu miaka arobaini. Asichokiona ni mafuta yanayotolewa kwa kupasua miamba, ambayo baadaye yaliipandisha Marekani hadi juu ya kilele kile cha zamani. Wanaomtaja Hubbert kama nabii na wanaomcheka kama mwongo, wote wanaacha nusu ya habari. Kisima cha kupasua mwamba hupoteza zaidi ya nusu ya mtiririko wake katika mwaka wa kwanza, kwa hiyo lazima uchimbe bila kupumzika, na hakuna anayechimba bila kupumzika bei ikiwa chini. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2018 kwamba mafuta ya visima vya kawaida yalikwisha kufika kilele mwaka 2008.

Kikomo cha mafuta, basi, hakiji kama tangi tupu. Kinakuja kama bei inayoyumba. Julai 2008 pipa lilifika dola 147, na kabla ya mwaka kwisha lilikuwa chini ya dola 40. Uchumi ukikua unadai mafuta zaidi, mafuta ya ziada ni yale magumu kutoa, bei inapanda, viwanda na wasafirishaji wanapunguza kazi, bei inaporomoka, wachimbaji wanaacha kuwekeza. Uchumi ukiinuka tena unakuta mafuta hayajaongezeka. Huo ndio mzunguko unaobana ukuaji, na mkulima wa Ahero, hapa Kano, yumo ndani yake hata kama hajawahi kuliona pipa.

Kenya iko mwishoni kabisa mwa mnyororo huo. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, na tangu hapo kila lita inayouzwa hufika Mombasa ikiwa imeshasafishwa na hununuliwa kwa dola. Kutoka hapo hupita kwenye bomba hadi Nairobi, kisha kwenye bomba lililofikishwa Nakuru, Eldoret na Kisumu mwaka 1994. EPRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi. Oktoba 2023 petroli ilifika Sh 217.36 kwa lita jijini Nairobi, na sehemu kubwa ya maumivu hayo ilitoka kwa shilingi kudhoofika na ushuru wa VAT kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai mwaka huo. Maana yake lita inaweza kupanda hata pipa likiwa limetulia.

Wapo wanaosubiri mafuta ya Turkana, yaliyogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012. Hayo ni mafuta ghafi. Yatauzwa nje kwa bei ya dunia, na petroli tutaendelea kuinunua kwa bei ya dunia. Usipange shamba lako juu ya matumaini hayo.

Kazi yenyewe ni kiasi gani

Mboga wakati wa kiangazi huko Kano huhitaji kama milimita 5 za maji kwa siku. Kwa ekari moja hizo ni lita 20,000. Ongeza yanayopotea kwenye mifereji, hasa udongo mweusi unapopasuka, na chukua lita 30,000 kwa siku. Maji yanapandishwa mita 6 kutoka mtoni na kusafiri mita 100 kwenye bomba la inchi mbili.

Kupandisha lita 30,000 kwa mita 6 kunahitaji takriban nusu ya uniti moja ya umeme (kilowati-saa moja). Nusu uniti! Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9. Pampu ndogo ya petroli ya inchi mbili, katika hali hii, hutoa kama lita 15,000 kwa saa na kunywa lita 1.1, kwa hiyo kazi ya siku inakula saa 2 na lita 2.2, yaani karibu uniti 20 za nishati. Katika kila Sh 100 ya petroli unayomimina, kama Sh 2.50 ndiyo inayopandisha maji. Nyingine inatoka kama moto kwenye ekzosi na kwenye mapezi ya injini, na sehemu yake inaliwa na maji kusuguana na bomba.

Hilo la bomba watu hulipuuza. Lita 15,000 kwa saa kwenye bomba la inchi mbili la mita 100 hupoteza nguvu sawa na kupandisha maji mita 9 zaidi. Pampu inadhani inapandisha mita 15, wakati mlima wako ni mita 6. Ukibadilisha bomba kuwa la inchi tatu, maji yanapita kwa wepesi, kazi inaisha mapema, na petroli inashuka hadi karibu lita 1.5 kwa siku. Kama huna pesa ya pampu mpya mwaka huu, nunua bomba pana kwanza.

Pampu ya sola hupata faida hii bure, kwa kuwa inakwenda polepole. Ikitoa lita 5,000 kwa saa kwa saa sita kwenye bomba lilelile la inchi mbili, msuguano unashuka hadi kama mita 1.2. Kazi ya siku inahitaji takriban uniti 1.7 kutoka kwenye paneli.

Tukichukua petroli kwa Sh 180, stima kwa Sh 25 kwa uniti pamoja na tozo zake, na siku 120 za kumwagilia kwa mwaka, picha ni hii. Bei za vifaa ni za kukadiria, ulizia dukani kabla ya kuamua.

| | Petroli | Stima | Sola |
|---|---|---|---|
| Kununua | Sh 25,000 | Sh 20,000, bila nguzo na nyaya | Sh 95,000 |
| Muda wa kazi kwa siku | saa 2 | saa 3 | saa 6 |
| Nishati kwa siku | lita 2.2 | uniti 2.6 | jua |
| Gharama kwa siku | Sh 396 | Sh 65 | hakuna |
| Siku 120 | Sh 47,520 | Sh 7,800 | hakuna |
| Siku 120, lita ikifika Sh 270 | Sh 71,280 | haibadiliki sana | hakuna |

Kwenye safu ya petroli ongeza oili, plagi na chujio la hewa, kama Sh 4,500 kwa mwaka. Tofauti ya kununua kati ya sola na petroli ni Sh 70,000. Kwa siku 120, sola inairudisha katika miezi kumi na sita hivi. Lakini anayemwagilia siku 30 tu kwa mwaka, kuokoa mboga mvua inapochelewa, anatumia kama Sh 13,000 kwa petroli na matengenezo, na sola itamchukua zaidi ya miaka mitano kurudisha pesa. Huyo asishawishiwe na muuza paneli. Idadi ya siku ndiyo inayoamua, wala si ukubwa wa shamba.

Petroli

Nguvu yake ni miguu. Unaibeba kwa boda boda, unamwazima jirani, unaitumia shamba la juu asubuhi na la chini jioni, na Nyando ukifurika unaiondoa kabla maji hayajafika. Inatoa maji mengi kwa muda mfupi, jambo ambalo mpunga unalitaka. Kuandaa ekari moja ya mpunga kabla ya kupanda kunaweza kunywa lita 600,000 hadi 800,000, na pampu ya petroli ya inchi tatu hufanya kazi hiyo kwa saa 20 hadi 27. Sola ya paneli mbili ingehitaji zaidi ya siku ishirini, na maji yangezama ardhini kabla hayajafunika majaruba.

Inaharibika kwa njia zinazojulikana. Pampu haivuti maji kutoka zaidi ya mita 7 chini yake, hata iwe na injini kubwa namna gani, kwa hiyo iweke karibu na mto na urefu wote uwe upande wa kusukuma. Mpira wa kunyonya uwe mgumu usiobanwa na hewa, na mwisho wake uwe na chujio lenye valvu inayozuia maji kurudi. Ufa mmoja mwembamba kama unywele kwenye kiungo cha mpira huo huingiza hewa. Pampu inanguruma, maji hayatoki, na mkulima anazidi kuvuta kamba. Wakati huo sili inayozuia maji kuingia upande wa injini inazunguka kavu, na ndani ya dakika chache inaungua. Jaza maji kwenye pampu kabla ya kuwasha, kila mara.

Oili ya injini badilisha kila baada ya saa 50. Pampu nyingi za ukubwa huu huchukua mililita 600, na kwa saa 240 za mwaka hizo ni mara tano. Msimu ukiisha, funga koki ya petroli na uache injini izimike yenyewe, ili kabureta ikauke. Petroli iliyokaa humo miezi mitatu huacha utando unaoziba tundu dogo la kupitishia mafuta, na fundi atakuuzia kabureta mpya wakati ile ya zamani ilihitaji kuoshwa tu. Petroli ya chupa barabarani ni hatari nyingine, kwa sababu ikichanganywa na mafuta taa injini inagonga, inatoa moshi na kupoteza nguvu.

Stima

Kama nguzo iko karibu na mto, hii ndiyo pampu ya bei nafuu kuliko zote, na tunaipendekeza bila kusitasita. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hautokani na mafuta. Unatoka kwenye mvuke wa Olkaria kule Naivasha, maji, na upepo. Hapa Kisumu kwenyewe kuna Sondu-Miriu yenye megawati 60. Tozo ya mafuta na ya fedha za kigeni zipo kwenye bili, kwa hiyo pipa likipanda utaligusa kidogo, lakini si kwa namna linavyomgusa mwenye petroli. Hata skimu za umwagiliaji za Ahero na West Kano hupandisha maji kwa pampu za stima, tofauti na Mwea ambako maji hushuka yenyewe. Ndiyo sababu bili ya umeme ni mada nzito katika mikutano ya wakulima wa Kano na nyepesi kule Mwea.

Tatizo la stima ni mwisho wa laini. Saa moja jioni kila mtu akiwasha taa na televisheni, volti 240 zinaweza kushuka chini ya 200. Mota haijui kupunguza kazi. Inavuta ampea zaidi, inachemka, na waya zake za ndani zinaungua. Weka kifaa kinachokata umeme volti zikishuka, na mwagilia asubuhi. Waya wa kwenda mtoni pia huchaguliwa kwa urefu. Mota ya nguvu farasi moja na nusu huvuta kama ampea 8 ikiwa kazini, lakini wakati wa kuanza huvuta mara tano ya hapo. Kwenye waya wa milimita 2.5 wenye urefu wa mita 100, unapoteza kama volti 60 katika sekunde hiyo ya kuanza, na mota inabaki ikivuma bila kuzunguka. Tumia wa milimita 4. Na kwa usalama wa watoto wanaochota maji hapo, weka swichi inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini. Hilo usilipunguzie bei.

Kama nguzo iko mbali, gharama ya kuvuta laini humeza faida yote, na hapo ulinganisho unabaki kati ya hizo mbili nyingine.

Sola

Hesabu ilisema uniti 1.7 kwa siku. Jua la Kisumu hutoa sawa na saa 5 za jua kali kwa wastani, na ukiondoa robo kwa vumbi, joto na nyaya, paneli ya wati 450 ingetosha kwenye karatasi. Nunua mbili za wati 400. Kuna siku za mawingu, na siku hizo ndizo zinazowakatisha watu tamaa.

Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo huhitaji kuinamisha paneli sana. Digrii 10 hadi 15 zinatosha ili mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa kuwa kando ya ziwa mawingu ya mvua hujikusanya zaidi alasiri, tungeziinamisha kuelekea mashariki ili zivune asubuhi iliyo wazi. Tawi moja la mwembe likitia kivuli kwenye kona ya paneli hupunguza umeme kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwani paneli zilizounganishwa kwa mfululizo huvutana nyuma. Kabla ya kuunganisha, soma nyuma ya kila paneli volti zake ikiwa haina mzigo, uzijumlishe, na jumla ikae chini ya kiwango cha juu cha kontrola, yaani kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye pampu, ukiacha nafasi ya asilimia 10. Asubuhi ya baridi volti huwa juu kuliko mchana, na ndipo kontrola nyingi hufa.

Usinunue betri kwa ajili ya pampu. Maji yenyewe ndiyo akiba yako, yawe kwenye tangi au kwenye udongo.

Udhaifu mkubwa wa sola ni mkondo mdogo. Lita 5,000 kwa saa ni kama lita 83 kwa dakika. Kwenye mfereji mrefu wa udongo mweusi uliopasuka, maji hayo yatapotelea kwenye nyufa kabla ya kufika katikati. Katakata mifereji iwe mifupi, mita 10 hadi 15, umwagilie michache kwa wakati, au tandaza mipira ya matone. Matope ya Nyando huziba matone, kwa hiyo ukitumia matone lazima uwe na chujio na tangi la kutuliza maji. Kando ya ziwa, Ghuba ya Winam, gugumaji huziba chujio la kunyonyea, na pampu ya sola haina nguvu ya kulivuta. Zungushia chujio kizimba cha wavu mpana.

Kisha kuna wezi na mafuriko. Paneli zikae juu ya kiwango cha mafuriko unachokikumbuka, kwenye nguzo ya chuma iliyomiminiwa zege, na nati za kufungia zipigwe vichwa zisifunguke kwa spana.

Kwa wasomaji wa upande wa Nakuru, Njoro na Bahati hali ni nyingine. Maji yako chini sana kwenye kisima cha kuchimbwa, na pampu ya juu ya petroli haifai. Kupandisha lita 10,000 kutoka mita 120 kunahitaji kama uniti 7 za umeme kwa siku. Kwa jenereta ndogo hizo ni karibu lita 3 za dizeli kila siku ya mwaka, na kwa sola ni kama kilowati 2 za paneli. Kisima cha nyumbani na mifugo hufanya kazi siku 365, kwa hiyo hapo jenereta hubaki kuwa ya dharura tu.

Ambacho hakuna pampu itakuondolea

Ukinunua sola hujatoka kwenye mafuta. Lori linalopeleka nyanya soko la Kibuye mjini Kisumu au Nakuru linatumia dizeli, trekta pia. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa gesi asilia, na mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita Sh 6,000 hadi serikali ilipoingiza ruzuku. Bei ya mafuta ikipanda, mambo haya yote hupanda pamoja, na mnunuzi wa sokoni naye hupunguza kiasi anachonunua kwa sababu nauli imemmaliza. Pampu ni sehemu pekee ya mnyororo huo ambayo mkulima mmoja anaweza kuibadilisha bila kumngoja mtu mwingine, na ndiyo sababu tumeipa uzito huu.

Mwenye mpunga, au anayehamahama mashamba ya kukodi, abaki na petroli na anunue bomba pana. Mwenye nguzo ndani ya mita 100 achukue stima. Mwenye mboga mahali pamoja na zaidi ya siku 80 za kumwagilia kwa mwaka achukue sola, na ile pampu yake ya petroli asiiuze, bali aihifadhi kavu kwa wiki za mawingu.

Kabla ya kwenda dukani pima vitu vitatu. Urefu wa kupanda upime kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji, ukipanda hatua kwa hatua kutoka mtoni na kujumlisha tofauti za usawa wa maji. Urefu wa bomba upime kwa futi ya mkanda, wala si kwa hatua za miguu. Mtiririko wa pampu uliyonayo upime kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu mwishoni mwa bomba, pale maji yanapoingia shambani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 5, pampu inatoa lita 14,400 kwa saa. Ikizidi sekunde 8 wakati injini ni nzima, kagua mpira wa kunyonya kabla ya kumlaumu aliyekuuzia.